Darsa ya Muamala: Kununua Gari Jipya la Umeme

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Katika darsa zetu za muamala tumeulizwa na zaidi ya ndugu mmoja juu ya magari ya umeme, ambayo sasa yaonekana katika barabara za Mombasa na katika yadi za wauzaji. Wengi wa waulizaji ni watu ambao hawajapata kununua gari jipya maishani mwao. Suali lao lina mafungu mawili, moja la ufundi na moja la sharia. Lakini ukiyatazama vyema, yote mawili yarudi penye jambo moja: mnunuzi ajue anachonunua, na ajue ananunua kwa nani, kabla hajafunga mauzo. Mwenye kulipuuza hilo aweza kupata hasara ya mali, na aweza pia kutumbukia katika riba hali ya kuwa hakukusudia.

Ama chombo chenyewe hakina makosa. Asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili ya kukataza, na Uislamu hauna ugomvi na kitu kwa kuwa ni kipya. Unachokipinga ni ujinga, udanganyifu na dhulma.

RUNDO LA NAFAKA

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata umajimaji. Akamwuliza mwenye nafaka, naye akajibu kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamlaumu kwa kutoiweka ile iliyorowa juu watu wakaiona, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika mwendo wake.

Tazameni basi mafunzo yaliyomo. Mtume hakutosheka na kutazama juu ya rundo, bali alitia mkono. Kwa hivyo mnunuzi mwenye kuuliza na kupekua asidhani kuwa amemvunjia heshima muuzaji. Na gari la umeme ni kama lile rundo: rangi yang'aa, viti vyanukia upya, na kilicho ghali kuliko vyote, nacho ni betri, kimefichwa chini ya sakafu.

MAMBO YA KUULIZA

La kwanza ni umri wa gari. Gari lililo yadini huitwa jipya kwa kuwa halijapata kuandikishwa, lakini huenda lilitengenezwa miaka miwili nyuma. Soma bamba la gari, linganisha nambari ya chasisi na hati zake, na uulize limesimama hapo muda gani. Betri za namna hii huchakaa hata zikiwa hazitumiki, khasa gari likiachwa miezi juani na betri imejaa kabisa au imekauka kabisa. Taka kipimo cha afya ya betri, upewe kwa maandishi.

La pili ni dhamana. Watengenezaji wengi hudhamini betri miaka 8 au kilomita 160,000, lolote litangulialo, na huahidi kuitengeneza au kuibadilisha ikiwa nguvu yake imeshuka chini ya asilimia 70. Lakini dhamana ya mtengenezaji yaweza kuwa haina maana hapa Kenya ikiwa gari limeletwa na mfanyabiashara asiye wakili wake. Basi uliza: Ni nani atakayeitimiza, katika mji gani, na miaka yahisabiwa tangu siku gani?

La tatu ni plagi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China huwa na tundu la kuchajia lisilokuwa sawa na la magari ya Ulaya, na vioo vyake vya maelezo huenda vikawa kwa Kichina. Usinunue mpaka uone kwa macho yako gari likichajiwa.

La nne ni mwendo. Ukiambiwa gari lenda kilomita 500 kwa chaji moja, uliza zimepimwa kwa kipimo gani, kwani kipimo cha China hutoa hisabu kubwa kuliko cha Ulaya, na njia yenyewe hutoa ndogo zaidi. Kutoka Mombasa kwenda Nairobi ni kiasi cha kilomita 480, na njia yapanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 hivi. Mwendo wa kasi na mlima hula betri, na kiyoyozi nacho huchukua sehemu yake. Anayekwenda Malindi na kurudi ana hisabu yake, na anayekwenda Nairobi kila wiki ana yake.

La tano ni nyumba. Betri ya yuniti 60 ikichajiwa kwa soketi ya kawaida, ipatayo yuniti mbili au tatu kwa saa, itataka saa 20 mpaka 30 kujaa. Kwa mashine ya ukutani ya yuniti 7 kwa saa, yatosha usiku mmoja. Tangu mwaka 2023 Kenya ina bei makhsusi ya umeme wa vyombo hivi, na usiku bei hupungua. Lakini nyaya za nyumba nyingi za zamani hazikutiwa kwa mzigo huo, basi fundi mwenye leseni azitazame kwanza. Na mwenye kukaa nyumba ya kupanga asichaji kwa mita ya mwenye nyumba bila ya idhini, wala asiuvute umeme wa msikiti. Umeme huo hulipiwa kwa mali ya wakfu, na wakfu hautumiwi ila kwa lile ulilowekewa.

ILA NA KHIYARI

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, muuzaji na mnunuzi wana khiyari ya kuvunja mauzo maadamu hawajaachana pale walipouziana. Na waweza kushartiana khiyari isiyozidi siku tatu. Basi ishartie, uliendeshe gari na kulichaji. Kisha iko khiyari ya ila: ikidhihiri ila iliyokuwapo kabla hujakabidhiwa, una haki ya kurudisha. Lakini haki hii yataka haraka. Mwenye kuijua ila kisha akaendelea kulitumia gari mwezi mzima, amekwisha kuridhika nalo.

Muuzaji naye asijifiche nyuma ya maneno ya mkataba yasemayo kuwa yeye hana jukumu la ila yoyote. Maneno hayo hayamwokoi mbele ya Mola wake na ila aliyoijua akainyamazia.

ARBUNI NA BENKI

Arbuni ambayo muuzaji huila pindi mnunuzi akighairi haifai kwa wanazuoni wengi, na sisi Mashafi'i tumo miongoni mwao. Imam Ahmad ameijuzisha, na Baraza la Fiqhi la Kimataifa liliijuzisha mwaka 1993 kwa sharti la kuwekwa muda maalumu. Anayetaka usalama atake arbuni yenye kurudishwa, na iandikwe hivyo.

Lililo zito zaidi ni mpango wa malipo. Mkopo wa benki wenye nyongeza ni riba, hata nyongeza ikiwa ndogo na ikapewa jina jingine. Tangu mwaka 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia, nazo huuza kwa murabaha, yaani benki hununua gari, likawa mali yake na dhamana yake, kisha hukuuzia kwa bei ijulikanayo na faida ijulikanayo, nawe ukalipa kidogo kidogo. Hiyo ni biashara.

Lakini hapa ndipo wanunuzi wengi wateleza. Mtu aenda yadini, alipenda gari, atia saini mkataba na kutoa arbuni. Kisha ndipo aenda benki. Gari limekwisha kuwa lake! Benki yaweza kumwuzia nini? Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza kisicho chake. Ilichofanya benki hapo ni kumlipia deni na kumtaka zaidi, na hiyo ni riba iliyovishwa kanzu. Basi yadini chukua hati ya bei tu, wala usifunge mauzo. Na ikiwa umekwisha kuyafunga, yavunjwe kwa hakika na urudishiwe fedha zako, ndipo benki inunue kwa nafsi yake.

KHATIMA

Wako watu wakishapata gari humwita mtu wa hirizi alifunge kamba kiooni, na wengine hupaka magurudumu damu ya mbuzi, ilhali hawakuuliza suali hata moja juu ya betri wala juu ya mkataba. Kinga ya mali ni kuichuma kwa halali na kumtegemea Mwenyezi Mungu baada ya kufunga ngamia.

Na asiyekuwa na uwezo asiingie katika deni la miaka mitano kwa kuona haya mbele ya jirani. Kwenda kwa matatu si aibu. Aibu ni kufa na deni lililotokana na fakhari.

Mwenyezi Mungu atujaalie tosha katika halali yake. Wallahu aalam.