Dondoo muhimu: Filamu za kompyuta kwenye PlayStation 3

PS3 haisomi faili za MKV, hata kama picha iliyomo ni ya H.264 ambayo inaimudu vizuri. Basi chunguza kwanza kilichomo. Ukikuta H.264 na sauti ya AAC, ihamishie tu kwenye MP4 kwa programu ya FFmpeg. Ni kazi ya muda mfupi na ubora haupungui hata chembe. Vinginevyo tumia HandBrake, programu ya bure, uchague H.264 isiyozidi kiwango cha 4.1.

Maandishi ya tafsiri yabandike kwenye picha yenyewe, maana faili ya SRT haitasomwa.

Flashi ya kupelekea filamu kwenye PS3 iwe ya mfumo wa FAT32. Hiyo haipokei faili inayofika GB 4, kwa hiyo filamu ndefu ikate vipande. Filamu isipoonekana kwenye PS3, bonyeza kitufe cha pembetatu, uchague kuonyesha vyote.