Tumbo la Mzee Lisizoeshwe Dawa Kabla ya Kupimwa

Mzazi aliyevuka miaka 60 akianza kulalamika kwamba tumbo linamuunguza, au akisema ameshiba baada ya matonge mawili, usimzoeshe omeprazoli ya duka la dawa. Dawa hiyo hupunguza asidi, na inaweza kumpa nafuu hata kama saratani imeshaanza ndani. Nafuu ya namna hiyo ndiyo ninayoiogopa. Mpeleke hospitali.

Kinachotafutwa kwanza ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Kwa kawaida mtu humpata utotoni, akaishi naye miaka mingi bila kujua. Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Perth, Australia, ndio waliomhusisha na kuvimba kwa ukuta wa tumbo na vidonda, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Tangu 1994 anahesabiwa rasmi miongoni mwa visababishi vya saratani. Ukuta uliovimba kwa miongo mingi hukonda, hupoteza tezi zake, na seli zake huweza kubadilika hatua kwa hatua. Wengi wenye bakteria huyu hawapati saratani kamwe, lakini kadiri umri unavyosogea ndivyo mabadiliko hayo yanavyopata muda.

Omba kipimo cha choo au cha pumzi. Kile cha damu huweza kuendelea kuonyesha maambukizi hata baada ya mtu kupona. Mwambie daktari dawa zote anazotumia mzee, kwa sababu omeprazoli inatakiwa isimamishwe wiki mbili kabla ya kipimo na antibiotiki wiki nne. La sivyo majibu yanaweza kudanganya. Na kwa kuwa ni mtu mzima mwenye dalili mpya, uliza kuhusu kipimo cha kamera. Kamera huona ukuta wenyewe, na daktari huchukua vipande vidogo vya kwenda maabara. Wazee wengi huhofia mpira unaopitishwa kooni ukiwa na kamera hiyo. Mweleze mapema kwamba koo hutiwa ganzi na kazi yenyewe huisha kwa dakika chache.

Bakteria akionekana, matibabu kwa kawaida ni siku 14: antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Hapa ndipo familia nyingi hushindwa. Mdomo unakuwa mchungu, kichefuchefu kinakuja, mzee anaacha njiani, na bakteria anabaki akiwa sugu. Mgawie vidonge wewe mwenyewe, asubuhi na jioni. Kisha arudie kipimo, si chini ya wiki nne baada ya dozi kwisha.

Diklofenaki ya magoti nayo huuchubua ukuta huohuo, hivyo tafuteni dawa nyingine kwa daktari. Aspirini ya moyo msiisimamishe wenyewe. Miguu ikifa ganzi au mzee akisahausahau, usiseme ni uzee tu: tumbo lililokonda hushindwa kufyonza vitamini B12, nayo hupimwa kwa damu.

Choo cheusi kama lami au matapishi yenye damu ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kikimezwa, au kupauka kwa kuishiwa damu kusisubiri wiki nyingine. Na kama mzazi amekutwa na saratani ya tumbo, nyinyi watoto wake mkapimwe bakteria huyo pia, hata kama hamna dalili yoyote.