Mama mdogo ndiye bosi, nitamwambiaje aniongeze mshahara?

Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Ugalla. Nilipomaliza kidato cha nne, mama mdogo alinichukua nije kumsaidia kwenye mgahawa wake hapa Mpanda mjini. Nilianza kwa kuosha vyombo, sasa mpishi ni mimi. Naingia saa 10 alfajiri ili supu na chapati ziwawahi wasafiri, natoka saa 12 jioni, siku sita kwa wiki. Napewa shilingi 4,000 kwa siku, ile ile niliyoanza nayo. Sahani ikivunjika nakatwa. Mteja akila akatokomea bila kulipa, nakatwa pia. Nalala kwake, kwa hiyo naogopa nikifungua mdomo nitaonekana sina shukrani. Nianzeje?
Binti wa Ugalla, Mpanda

Mwanangu, barua yako imeniuma, na iliponiuma zaidi ni kwa yule mteja anayekimbia.

Tuanze na hesabu. Elfu nne kwa siku 26 ni 104,000 kwa mwezi. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2013 iliwapa wafanyakazi wa migahawa, nyumba za wageni na baa 130,000. Tangu hapo viwango vimepandishwa mara mbili, vikaanza kutumika Januari 1, 2023 na tena Januari 1, 2026. Maana yake bado hujafika hata pale mpishi mwenzako alipotakiwa kuwa mwaka 2013. Huendi kuomba fadhila.

Utasikia watu wakitaja 358,322, kutoka 275,060. Hizo ni hesabu za jumla zilizotangazwa kwa sekta binafsi Oktoba 2025. Usimpelekee mama mdogo. Migahawa ina kiwango chake. Nenda ofisi ya kazi ya mkoa hapo hapo Mpanda, muulize afisa kazi kiwango cha mgahawa ni kiasi gani, ukiandike. Kuuliza si kumshtaki mtu.

Sasa shukrani. Mama mdogo alikutoa kijijini akakupa pa kulala, na hilo ni jema. Mshukuru mpaka kesho. Lakini undugu hulipwa kwa undugu: akiugua utamuuguza, na mwanawe akioa utashinda jikoni siku tatu bila kudai senti. Sufuria la supu saa 10 alfajiri ni kazi. Ukiondoka kesho, atatafuta mtu wa kuajiri, na sijui nani atakubali kuinjika wakati huo kwa elfu nne.

Unapokwenda kuzungumza naye, tafadhali usianze na shida. Wengi wetu ndivyo tulivyolelewa: "Mama, nina shida kidogo." Shida hupewa hela ya shida. Atakutolea elfu kumi ya viatu, utasema asante, na mazungumzo yatakuwa yameishia hapo. Anza na kazi. Subiri jioni, wateja wameisha na ameshafunga hesabu za siku, kisha mwambie hivi: "Mama mdogo, nashukuru ulivyonipokea. Nilikuja nikiosha vyombo, leo napika supu, chapati, wali na migebuka, na nafungua mimi. Hela bado ni ya kuosha vyombo. Nimeuliza kiwango cha mgahawa, ni hiki hapa. Naomba tukae tuone utanilipaje." Halafu nyamaza. Usijaze ukimya kwa kusema "lakini hata ukishindwa si kitu."

Huenda akakujibu kwamba biashara ni ngumu, na huenda ni kweli. Mchele wa masika, kabla mpya haujaingia sokoni, humpunguzia mama lishe faida. Mkulima wa tumbaku akishalipwa, mambo hubadilika. Kwa hiyo kima cha chini kiombe sasa, kwa sababu sheria haisubiri mavuno. Nyongeza ya kukutofautisha wewe mpishi na msichana aliyeanza jana, mkubaliane ianze baada ya mavuno.

Kuna jambo jingine pengine hulijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Wewe unakaa hapo saa 14. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, na saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5. Akishindwa kulipa zote, basi apunguze saa. Aingie mtu mwingine mchana nawe ukapumzike.

Na sahani? Mwajiri hawezi kukukata mpaka hasara iwe imetokana na kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kujitetea, tena makato yasivuke robo ya mshahara. Mteja aliyetoroka wewe ukiwa jikoni unapepea mkaa si kosa lako hata chembe. Hili lidai bila kulainisha sauti.

Kuanzia leo nunua daftari: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, ulicholipwa, ulichokatwa na kwa nini. Akikubali, yaandikwe, msaini wote wawili. Akikataa, mpelekee kwanza mjomba au mtu mzima anayemsikiliza, kwa sababu bado mnalala nyumba moja. Isipowezekana, rudi kwa afisa kazi, au nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Akikufukuza kwa sababu umeuliza, muda ni mfupi zaidi: siku 30. CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, nacho kinaweza kukusimamia ukijiunga.

Niandikie akishakujibu, hata kama jibu ni baya.