Katuni atazame, mipangilio asiiguse

SWALI: Nafanya kazi Kibaha, familia iko Kisarawe. Mwanetu wa miaka minne akishaachiwa simu ya mama yake atazame katuni, mimi nikipiga haipatikani. Juzi hata lugha ya simu ilibadilika. Tufanyeje?
Baba, Maili Moja

JIBU: Pole, ndugu yangu. Huenda mtoto anateremsha kidole kutoka juu ya kioo, ile menyu fupi inafunguka, anagusa alama ya ndege. Hapo mtandao unakatika.

Kama simu ni ya Android, dawa yake imo humo humo. Mama aweke kwanza namba ya siri ya kufungua kioo. Kisha aingie Mipangilio, sehemu ya Usalama, atafute kubandika programu; jina na mahali hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Aiwashe, na akubali simu idai namba ya siri kabla ya kubandua.

Kuanzia hapo, afungue katuni, aende kwenye orodha ya programu zilizo wazi, aguse alama ya katuni hiyo na kuchagua Bandika. Mtoto hataweza kutoka humo wala kuteremsha menyu ile.

Laini nayo ikiwa na PIN, kumbukeni kuwa ikikosewa mara tatu hujifunga mpaka ipatikane PUK. Na namba ya siri ya pesa za simu isifanane na ya kioo: watoto hukariri upesi wanachoona vidole vyetu vikibonyeza.