Namwombea mdogo wangu, lakini ameacha kuja jumuiya

*Nilimpa mdogo wangu laki nane akalipe ada ya mwanangu, akazitumbukiza kwenye biashara yake ya mitumba. Nimeshamsamehe, na kila Jumamosi kwenye jumuiya naomba wenzangu wamwombee, namtaja kwa jina ili Mungu amguse aache tamaa. Sasa ameacha kuja jumuiya na simu zangu hapokei. Nifanye nini zaidi?*
*Mama Wawili, Morogoro*

Mama Wawili, barua yako nimeikata sana, ila ya Jumamosi nimeyaacha yalivyo. Unauliza ufanye nini zaidi. Mimi nakuuliza, majirani wamejuaje habari za laki nane? Katika barua nzima hakuna mahali unaposema ulikaa na mdogo wako, wawili tu, ukamwambia kwamba amekuumiza. Walioambiwa ni wanajumuiya, tena wamefumba macho, wiki baada ya wiki. Hayo nayaita mashtaka, na mabaya kuliko ya mahakamani, kwa kuwa mshtakiwa hapewi nafasi ya kujitetea: nani atasimama katikati ya sala aseme, "Si hivyo"?

Yusufu aliuzwa utumwani na ndugu wa baba mmoja, kosa ambalo ada ya shule haiwezi kulifikia. Soma Mwanzo 45. Kabla hajajitambulisha kwao aliwatoa nje Wamisri wote. Kilio chake kilisikika hadi kwa Farao, lakini habari ya kuuzwa aliitaja wakiwa peke yao. Ndugu hao walikuwa waje kuishi Misri. Wangepita vipi mbele ya watu wanaoijua aibu yao yote? Msamaha usiomsitiri aliyekosa humwachia mzigo uleule, na wewe umemwongezea mashahidi. Hata utaratibu wa Mathayo 18 uko wazi: kwanza mwendee peke yako, akikataa uende na mmoja au wawili, kanisa ni baadaye kabisa. Wewe umeanzia mwisho, halafu unashangaa mtu hapokei simu!

Utaniambia Yakobo ametuagiza tuombeane. Ametuagiza, lakini katika sura hiyohiyo ya tano anataka tuungamiane dhambi zetu wenyewe. Za mdogo wako hazikuwa zako kuungama. Kumwombea endelea, chumbani kwako, mlango umefungwa.

Au utasema, basi pesa zangu ndiyo nimezisamehe? Hapana, na hapa wahubiri wengi huwachanganya watu. Paulo alipomwombea Onesimo kwa Filemoni hakujifanya kwamba deni, kama lipo, halina maana. Alitaka liandikwe juu yake, akaahidi kwa mkono wake kulilipa. Unaweza kumsamehe mtu kwa moyo wote na bado ukadai chako, mradi usidai kwa kumwaibisha.

Padre hana kazi hapa bado, wala polisi. Nenda kwa mdogo wako, bila mumeo na bila mwenyekiti wa jumuiya. Anza kwa kumwomba radhi wewe, kwa ajili ya Jumamosi zote zile, na usiunganishe radhi hiyo na neno "lakini". Ndipo mzungumzie laki nane, mkubaliane atarudisha kiasi gani kwa mwezi, hata kama ni elfu hamsini. Asipofungua mlango, rudi wiki nyingine. Akifungua na bado akagoma kulipa, mtafuteni shangazi au mjomba mmoja mnayemheshimu wote wawili, naye huyo asiwe mtu wa jumuiya yenu.