Mtungi wa Kumi Bure: Nani Anaulipia?

Ukipita mitaani utaliona bango hili kila mahali: "Nunua tisa, ya kumi bure!" Liko kwa kinyozi, liko kwa waosha magari, liko kwa duka la maji na kwa muuza chipsi. Wateja hulipenda. Lakini kabla hujalibandika kwako, kaa chini na kalamu dakika kumi, maana bango linalomfaa kinyozi linaweza kumwacha muuza gesi bila pesa ya kodi.

Twende na mfano. Tuseme una duka dogo linalouza vitu viwili, gesi ya kupikia na maji ya kujaza. Bei tutakazotumia ni za mfano tu. Wewe weka zako.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 unauza shilingi 1,200, nawe umeununua kwa 1,080. Hapo unabaki na 120. Maji ya lita 20 unajaza kwa shilingi 100. Ukijumlisha maji yenyewe, stima, vichujio na kifuniko, gharama ni 40, kwa hivyo unabaki na 60.

Sasa bandika bango. Kwa maji, mteja akilipa mara tisa umepata faida ya 540. Chupa ya kumi inakugharimu 40. Umebaki na 500, na mteja amerudi mara kumi. Hiyo inaeleweka.

Kwa gesi, mara tisa ni faida ya 1,080. Na mtungi wa kumi unakugharimu ngapi? Shilingi 1,080. Yaani umebadilisha mitungi kumi, umelipa boda wa kupeleka, umesimama dukani miezi yote hiyo, na hujabaki hata na bob moja. Kodi ya duka bado iko palepale.

Bango ni lile lile. Kilichotofautiana ni faida iliyo ndani ya kila kitu unachouza. Zawadi ya mteja hailipwi na mauzo, inalipwa na faida, na wengi wetu tunapopanga zawadi huangalia mauzo kwa sababu ndiyo namba kubwa inayoonekana kwenye simu jioni.

Nyongeza ya mama mboga

Mpango wa zawadi si kitu kigeni. Mama mboga ameuendesha tangu zamani bila kadi wala pointi. Ukinunua sukuma na nyanya anakuongezea dania, au nyanya moja ndogo, na kesho unampita mwenzake ukarudi kwake.

Angalia anachofanya. Anakuongezea kile ambacho kwake ni cha bei ya chini lakini kwako kinaonekana. Hakuongezei parachichi kubwa. Tena anamaliza hapo hapo: ukiondoka hakuna anachokudai na hakuna unachomdai. Na akiona siku ni mbaya, nyongeza inapungua bila kumtangazia mtu.

Mwenye duka la gesi anaweza kuiga hilo. Badala ya mtungi wa kumi bure, sema: ukinunua gesi mara tano, unajaziwa maji lita 20 bure. Mitungi mitano imekupa faida ya 600. Zawadi inakugharimu 40, lakini mteja anaiona kama shilingi 100. Pia, ambaye alikuwa ananunua gesi peke yake anaonja maji yako, na maji ndiko faida yako nzuri iliko.

Hapa kuna jambo moja ambalo watu husahau. Kama mteja huyo tayari hununua maji kwako, hiyo chupa ya bure imechukua nafasi ya chupa ambayo angelipia. Ungepata faida ya 60. Badala yake umetoa 40 mfukoni. Gharama ya kweli kwa mteja huyo ni 100. Bado unabaki na 500 kwenye zile 600, si mbaya, lakini ukipiga hesabu kwa 40 kwa wateja wote utajidanganya.

Asilimia moja si kidogo

Wengine hawataki kadi, wanataka pointi: kila shilingi 100, mteja apate pointi moja yenye thamani ya shilingi moja. Asilimia moja tu. Nani atafilisika kwa asilimia moja?

Turudi dukani. Kwa mwezi unauza mitungi 100 ya gesi na maji chupa 600. Mauzo ni 180,000: gesi 120,000 na maji 60,000. Faida kabla ya gharama za duka ni 12,000 kutoka kwa gesi na 36,000 kutoka kwa maji, jumla 48,000. Ukitoa kodi, mfanyakazi, stima ya duka na leseni ya kaunti, tuseme 36,000, unaenda nyumbani na 12,000.

Asilimia moja ya mauzo ni 1,800. Ukiitoa kwenye zile 12,000, hiyo ni asilimia 15 ya pesa unazopeleka nyumbani. Ukiingiwa na moyo mkuu ukatoa asilimia tatu, ni 5,400. Karibu nusu. Na ni pesa utakayoitoa hata kwa yule jirani ambaye angenunua kwako tu, kwa sababu duka lako ndilo liko chini ya nyumba yake.

Kwa hivyo jiulize mpango utakuletea nini zaidi ya ulichokuwa unapata. Ili kurudisha zile 1,800, unahitaji kuuza chupa 31 zaidi za maji kila mwezi, au mitungi 17 zaidi ya gesi. Hapo nimeshatoa pointi ambazo mauzo hayo mapya yatazaa. Chupa 31 ni moja kwa siku. Hilo linawezekana. Mitungi 17 zaidi mtaani penye wauza gesi wanne? Mimi ningetoa pointi kwenye maji peke yake, gesi nikaiacha.

Pointi ni deni

Siku unapompa mteja pointi huoni pesa ikitoka, ndiyo maana ni rahisi kutoa. Lakini deni limeshazaliwa. Kampuni kubwa zinajua. Chini ya kanuni za kimataifa za uhasibu, IFRS 15, zilizoanza kutumika mwaka 2018, sehemu ya pesa ya mauzo inayohusu pointi haihesabiwi kuwa mapato mpaka mteja azitumie au muda wake uishe.

Wewe huhitaji mhasibu kwa hilo. Unahitaji mfuko wa pembeni. Kila Jumamosi angalia umetoa pointi ngapi wiki hiyo, uhamishe shilingi sawa na hizo kwenye akiba tofauti, mbali na pesa ya kununulia mzigo. Mteja akija kudai Desemba, msimu ambao kila mtu anadai, unalipa kutoka pale. Bila mfuko huo utalipa zawadi kwa pesa ya gesi ya Januari.

Je, si wengine hawatazidai kamwe? Kweli, wapo watakaosahau. Lakini usijenge mpango juu ya kusahau kwa watu. Weka akiba ya pointi zote, na zikibaki muda ukiisha, hiyo ni faida yako ya halali.

Muda wenyewe utaje siku ya kwanza. Safaricom ilianza kutoa pointi za Bonga mwaka 2007. Miaka 15 baadaye, mwaka 2022, ikatangaza kwamba pointi zilizozidi miaka mitatu zingeanza kufutwa Januari 2023. Wateja walilalamika, na mpango huo ukasitishwa. Kampuni kubwa inaweza kubeba pointi za miaka mingi. Duka haliwezi. Ukiandika kwenye kadi "itumike ndani ya miezi sita" tangu mwanzo, hakuna atakayenung'unika. Ukiandika baadaye, hata kama una haki, mteja ataona umemnyang'anya.

Kadi ya kuosha gari

Mwaka 2006 watafiti wawili, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walichapisha jaribio walilofanya na biashara ya kuosha magari huko Marekani. Waligawa kadi 300. Nusu zilihitaji mihuri minane kabla ya kuoshewa bure. Nusu nyingine zilihitaji kumi, lakini miwili ilikuwa imeshagongwa. Kazi ni ile ile, kuosha mara nane. Kadi za kwanza zilijazwa na asilimia 19 ya wateja. Zile zilizoanziwa, asilimia 34.

Mtu akiona ameshaanza safari, anaimaliza. Unaweza kutumia hilo bila kuongeza zawadi hata kidogo: mgongee mteja muhuri wa kwanza siku anapochukua kadi, na uongeze nafasi moja. Ila kumbuka, watakaomaliza watakuwa wengi zaidi, na mfuko wa pembeni lazima uwe tayari.

Kwa sababu hiyo hiyo safari isiwe ndefu mno. Mtungi wa kilo 6 hukaa wiki kadhaa kwa nyumba nyingi. Kadi ya mitungi kumi inaweza kuchukua karibu mwaka, na kufikia Agosti itakuwa imepotelea kwenye droo. Mitano inatosha.

Kabla ya kuanza

Fungua taarifa za malipo za namba yako ya till, miezi mitatu iliyopita, na daftari kama wengine hulipa taslimu. Hesabu siku ya kawaida unauza chupa ngapi na mitungi mingapi. Bila namba hizo hutajua kama mpango umeleta kitu, au umewapa zawadi watu wale wale.

Mihuri ya kadi inachongwa mjini kwa bei ya chai na mandazi, na mfanyakazi mwenye marafiki wengi anaweza kugonga kadi nzima kwa mkupuo. Funga zawadi na malipo: muhuri ugongwe tu mbele ya ujumbe wa kuthibitisha malipo, na namba ya muamala iandikwe pembeni. Ukiamua kuhifadhi namba za simu za wateja, waombe ruhusa na uwaambie ni za nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata wewe mwenye duka moja.

Kisha anza kwa kikomo. Andika kwenye bango: "Zawadi 100 za kwanza, au mpaka mwisho wa mwezi wa tatu." Chupa 100 za maji ni shilingi 4,000 zikitoka kwako kama gharama, na 10,000 ikiwa wote walioshinda wangelinunua hata hivyo. Kama 10,000 itakuumiza, shusha ziwe 40. Kikomo kikifika, heshimu kila kadi iliyo nje, lipa mpaka ya mwisho, halafu rudi kwenye zile hesabu za miezi mitatu uone kama chupa zimeongezeka.