Uundaji wa Maneno ya Kiingereza: Nafasi ya Kiswahili Darasani

Mwanafunzi wa Kenya anapofundishwa uundaji wa maneno ya Kiingereza, aghalabu hupewa orodha ndefu ya viambishi avikariri. Makala haya yanashikilia kuwa njia hiyo hupuuza hazina aliyo nayo tayari: mofolojia ya Kiswahili.

Kwanza ni uambishaji. Kutokana na kitenzi 'soma', Kiswahili huunda 'msomaji' kwa kuongeza viambishi pande zote mbili za mzizi. Kiingereza huongeza mwishoni tu, 'read' ikazaa 'reader'. Mabadiliko ya sauti nayo si mageni: 'pika' huzaa 'mpishi', 'cheka' huzaa 'mcheshi', sawa na 'decide' inavyozaa 'decision'. Hali kadhalika, anayejua kuwa 'chajio' ni chakula cha jioni hatatatizwa na 'brunch', iliyotokana na 'breakfast' na 'lunch'.

Hata hivyo, kanuni zina mipaka. Aliyekariri kuwa '-er' huonyesha mtenda atamwita mpishi 'cooker', ilhali hilo ni jina la jiko. Mpishi ni 'cook', pasipo kiambishi chochote. Aidha, anayeamini kuwa 'in-' hukanusha daima atadhani 'inflammable' ni kitu kisichoshika moto, kumbe ni kile kinachoshika moto upesi. Neno hilo likiwa kwenye lori la mafuta, kosa la mofolojia huhatarisha maisha.

Basi mwalimu aanze na maneno anayoyajua mwanafunzi, amwachie ayachanganue, kisha amletee yanayovunja kanuni. Orodha husahaulika, kanuni iliyogunduliwa pamoja na mipaka yake hudumu.